Anza Kaskazi, Kazi Uifanye Kusi: Fedha za Utafiti kwa Mwanafunzi wa Shahada ya Kwanza

Kila ifikapo Mei, vikundi vya WhatsApp vya wanafunzi wa Malindi na Lamu hujaa picha za matangazo: nafasi ya utafiti, posho juu, tiketi ya ndege juu. Wanaoyasambaza wana nia njema. Lakini mengi ya matangazo hayo hufika wakati mlango umefungwa tangu Januari, na mengine hayakumhusu Mkenya tangu mwanzo. Mwanafunzi hukaa usiku mzima akijaza fomu, kisha akavunjika moyo na kusema fedha za utafiti ni za watoto wa wakubwa. Si kweli. Fedha zipo, ila zina majira yake kama samaki walivyo na majira yao.

Likizo ndefu ya vyuo vya Ulaya na Marekani huwa Juni hadi Agosti. Kwao ni kiangazi. Kwetu huo ni wakati wa kipupwe, upepo wa kusi umeshika na bahari imechafuka. Maombi ya fedha za miezi hiyo hupokelewa kati ya Novemba na Februari, yaani kaskazi inapovuma. Kwa hiyo Oktoba na Novemba ni za kumtafuta msimamizi, Desemba ni ya kuandika, Januari na Februari za kutuma, Machi hadi Mei za kushughulikia vibali, na Juni ndiyo ya kuingia kazini. Anayeanza kutafuta Aprili amechelewa kwa mwaka mmoja, na la busara kwake ni kujiandaa kwa mwaka unaofuata badala ya kukimbizana na makataa ya kesho.

Tuanze na milango iliyofungwa, maana ndiyo inayopoteza muda wa watu wengi. Programu ya REU ya taasisi ya taifa ya sayansi ya Marekani, NSF, ni kubwa na inajulikana sana, lakini posho yake ni ya raia wa Marekani na wenye ukaaji wa kudumu tu. RISE ya shirika la DAAD la Ujerumani inawalenga wanaosoma vyuo vikuu vya Marekani, Canada, Uingereza na Ireland. Uhodari wako wa kemia ukiwa Pwani University hauwezi kuibadilisha sharti hiyo. Kabla ya kusoma habari za posho, soma kifungu kinachosema nani anaruhusiwa kuomba. Angalia mambo matatu: uraia, chuo unachosoma kiko nchi gani, na uwe umefika mwaka wa ngapi. Moja likikukataa, funga ukurasa uendelee na mengine.

Milango iliyo wazi kwa mwanafunzi wa nchi yoyote ni michache, lakini ni mizuri. Chuo kikuu cha KAUST cha Saudi Arabia, kilicho ukingoni mwa Bahari ya Sham, kina programu ya wanafunzi wageni wa utafiti, VSRP, ya miezi 3 hadi 6 kwa walio mwaka wa tatu na kuendelea: nauli ya ndege, makazi na posho ya mwezi vyote hulipwa. Wanafanya utafiti wa matumbawe, na mtu aliyekulia karibu na Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968, ana la kusema katika barua yake kuliko aliyeyaona matumbawe kwenye video. OIST, chuo cha sayansi cha Okinawa, Japani, hupokea maombi mara mbili kwa mwaka, hulipa nauli na makazi, na hutoa posho ya siku. ISTA, taasisi ya sayansi iliyo nje kidogo ya Vienna, Austria, ina mafunzo ya wiki 8 hadi 12. Kwa fizikia, uhandisi na kompyuta kuna CERN, maabara ya fizikia iliyo Geneva, ambayo huchukua pia wanafunzi wa nchi zisizo wanachama wake. Sharti uwe umemaliza angalau miaka mitatu ya chuo, na makataa huwa mwishoni mwa Januari. Ushindani ni mkali kote huko. Ushauri wangu ni kuomba mbili, tatu hivi, kwa makini, kisha nguvu iliyobaki uielekeze nyumbani, ambako uwezekano wa kupata ni mkubwa zaidi kuliko watu wanavyofikiri.

Neno moja kwa vijana wetu wanaosoma Marekani kwa viza ya mwanafunzi, F-1. REU si yenu, lakini vyuo vingi huko vina mfuko wao wa ndani wa utafiti wa likizo, unaomlipa mwanafunzi na msimamizi wake kwa wiki 8 au 10, na mara nyingi haubagui uraia. Uliza ofisi ya utafiti wa wanafunzi ya chuo chako. Uliza pia posho italipwa kama mshahara au kama ruzuku. Ikiwa ni ruzuku ya kujikimu, mwanafunzi wa F-1 ambaye kikodi si mkaazi hukatwa asilimia 14, na Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kuipunguza. Panga kodi ya nyumba kwa kile kitakachoingia mkononi, usipange kwa kilichoandikwa kwenye barua.

Sasa nyumbani. Fedha iliyo karibu zaidi na mwanafunzi wa shahada ya kwanza ni ile ambayo mhadhiri wake tayari anayo. Mhadhiri mwenye mradi uliofadhiliwa, tuseme na mfuko wa taifa wa utafiti, NRF, au na ruzuku ya MASMA ya jumuiya ya wanasayansi wa bahari, WIOMSA, iliyo Zanzibar, kwa kawaida ana kifungu cha wasaidizi wa utafiti kwenye bajeti. Kifungu hicho hakitangazwi. Hupewa mwanafunzi anayejulikana, anayefika kwa wakati, aliyewahi kuomba kusaidia hata kuingiza takwimu. Mwanafunzi anayesubiri tangazo ubaoni hatakaa alione.

Ndiyo maana naweka msimamizi mbele ya fedha. Karibu kila mfadhili atataka barua ya mapendekezo, na barua ya mwalimu asiyekufahamu ni ya mistari minne inayosema ulihudhuria darasa. Wapitiaji wa maombi huitambua mara moja.

Barua pepe ya kwanza kwa mhadhiri isizidi maneno 200. Mwamkie kwa cheo chake sahihi, kama ni Daktari au Profesa, maana kumwita kwa jina tupu kunakera na kunaonyesha hukujishughulisha. Taja kazi moja aliyoichapisha na jambo moja ndani yake lililokufanya ujiulize. Kisha swali lako kwa sentensi mbili, tarehe ulizo huru, na unachoweza kufanya kwa mikono yako: kuchora ramani kwa QGIS, kukusanya majibu kwa KoboToolbox, kuchambua takwimu kwa R, kuogelea, kuzungumza Kibajuni au Kigiriama. Hilo la lugha wanafunzi wetu hulisahau kabisa, na ndilo wengi wa watafiti wanaokuja pwani hawana. Ambatisha matokeo yako ya muhula. Usiandike kwamba uko tayari kufanya utafiti wowote; anayetaka chochote humwachia mwalimu kazi ya kumfikiria, na mwalimu ana rundo la mitihani ya kusahihisha. Asipojibu, mkumbushe baada ya siku 10, kwa adabu, mara moja tu. Baadaye nenda ofisini.

Njia nyingine ni atachimenti, yaani mafunzo ya kazini. Vyuo vingi vya Kenya humtaka mwanafunzi awe na wiki kadhaa za atachimenti, na wengi huzimaliza kwenye ofisi wakipanga mafaili. Ukielewana na msimamizi mapema, wiki hizo hizo zinaweza kuwa wiki zako za utafiti, pengine katika taasisi kama KMFRI, ya utafiti wa bahari na uvuvi, au KEMRI-Wellcome, ya utafiti wa afya, kule Kilifi. Posho inaweza isiwepo, lakini gharama ya muda imeshalipwa na kalenda ya chuo, na hilo ni jambo kubwa kwa yule ambaye Julai bado ana masomo.

Nije kwenye jambo ambalo fomu za wafadhili hazikuulizi, nalo ndilo huharibu miradi mingi ya pwani: bahari na mwezi. Fedha ya likizo inaingia Juni. Juni, Julai na Agosti upepo wa kusi una nguvu. Ukiandika kwamba utapiga mbizi kwenye matumbawe ya nje ya Malindi siku 30 kati ya Juni na Agosti, mpitiaji wa Ujerumani anaweza kukukubalia, lakini nahodha atakukatalia. Maji ni machafu, mawimbi ni makubwa, na siku za kutoka ni za kubahatisha. Kama swali lako linataka maji maangavu, lihamishie kaskazi au usubiri Demani, kusi inapotulia. Kama fedha ni ya Juni tu, badilisha swali.

Na yapo maswali mazuri yanayofanyika wakati wa kusi. Wavuvi wengi wako pwani wakishona nyavu na kukarabati vyombo. Mtu utakayemkosa Januari, maana ametoka alfajiri, utamkuta Julai amekaa bandani. Mahojiano 60, kwa watu wanne kwa siku, ni siku 15 za kazi. Kila moja lisipite dakika 40, na usimshike mtu karibu na wakati wa swala. Mikoko nayo haijali mawimbi ya nje. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kazi ya kupima miti huko inawezekana hata upepo ukivuma.

Ila mikoko inafuata bamvua. Maji hukupwa sana siku chache tu kuzunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani kila baada ya wiki mbili. Katika wiki 8 utapata bamvua nne. Ukihesabu siku nne nzuri kwa kila moja, una siku 16, si 56. Katika pwani yetu maji ya bamvua hukupwa kabisa mnamo saa nne na saa tano asubuhi, kwa hiyo kazi ni kama saa mbili kabla na saa mbili baada. Watu watatu wenye mazoezi hupima viwanja vitatu vya mita 10 kwa 10 katika muda huo: kipenyo cha kila mti kwa kimo cha mita 1.3, isipokuwa mkoko wenyewe (Rhizophora, ule wa mizizi inayoning'inia), ambao hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Siku 16 mara viwanja vitatu ni 48. Andika 36. Siku nyingine mvua itanyesha, siku nyingine injini itakataa. Anayeahidi viwanja 150 anamwonyesha mpitiaji anayejua pwani kwamba hajawahi kukanyaga tope la mikoko.

Siku za maji mafu, zile za katikati ya bamvua mbili, si za kulala. Ni za kuingiza takwimu, kusafisha vifaa, na kumwandikia msimamizi ripoti ya ukurasa mmoja.

Bajeti hutoka kwenye hesabu hiyo hiyo ya siku. Nitumie bei za mfano. Wewe uliza bei za kweli gatini kabla ya kuandika. Boti siku 16 kwa shilingi 3,000 ni 48,000. Msaidizi mwenyeji siku 16 kwa 1,200 ni 19,200. Chumba miezi miwili kwa 8,000 ni 16,000. Chakula siku 56 kwa 400 ni 22,400. Nauli 5,000, vifaa 9,000, vibali 5,000, bando na simu 3,000. Jumla 127,600. Ongeza asilimia 10 ya dharura, yaani 12,760, inakuwa 140,360.

Tazama boti inavyokula zaidi ya theluthi moja. Hapo ndipo pa kupunguza: chagua viwanja vinavyofikika kwa miguu, au panda boti ya mradi wa msimamizi siku anazotoka yeye. Usipunguze msaidizi. Mwenyeji anayejua mlango wa mto na maji yanavyorudi ndiye usalama wako, na kumtumia bila malipo kwa kuwa ni jamaa ni dhuluma. Kosa jingine la bajeti ni kuandika tarakimu za mviringo, boti 50,000, vifaa 20,000, bila kuonyesha siku wala bei. Mfadhili anaona mtu aliyekisia. Na angalia kalenda yetu: miaka hii Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, unaangukia Agosti na Septemba, na wiki ya Maulidi vyumba vya Lamu hujaa na bei hupanda.

Ruzuku ndogo za kuweza kubeba bajeti ya namna hii zipo. Jumuiya ya watafiti ya Sigma Xi hutoa hadi dola 1,000 kwa wanafunzi, wa shahada ya kwanza wakiwemo, bila kujali nchi. Kwa shilingi 130 kwa dola hiyo ni 130,000, kwa hiyo haiitoshi bajeti ile ya 140,360, na isitoshe fedha hiyo ni ya nauli za kazi na vifaa maalumu, si ya kumlipa mwanafunzi posho. IDEA WILD haitoi fedha taslimu. Hutoa vifaa vya kazi za uhifadhi, kama GPS, kamera au darubini, visivyozidi dola 1,500. Mfuko wa uhifadhi wa Rufford wengi huutaja, lakini haufadhili utafiti ambao ni wa kitaaluma tu. Lazima kuwe na kazi ya uhifadhi inayoonekana. Kuunganisha viwili, vifaa kutoka huku na boti kutoka kule, si udanganyifu mradi kila mfadhili anaelezwa. Kuomba fedha ya kifaa kimoja mara mbili ndiyo dhambi, na hugundulika.

Si kila utafiti unahitaji boti. Hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zimepigwa picha na kuwekwa wazi mtandaoni kupitia programu ya kumbukumbu zilizo hatarini ya British Library. Mwanafunzi wa historia au dini anayesoma Kiarabu anaweza kufanya kazi ya wiki 8 kwa bando na daftari. Mji wa Gedi, karibu na Malindi, uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, na Mji Mkongwe wa Lamu uko humo tangu 2001; maswali ya wageni, wenyeji na kipato yamejaa, na nauli ni ya matatu.

Vibali hufuatana kwa mpangilio, na kuuvuruga ndiko kunakomla mtu Juni nzima. Kwanza pendekezo lililosainiwa na msimamizi, pili idhini ya kamati ya maadili inayotambuliwa na tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, tatu leseni ya NACOSTI yenyewe, inayoombwa mtandaoni. Kamati ya maadili ndiyo huchelewesha, kwa sababu hukutana kwa tarehe zake, na fomu yenye kasoro husubiri kikao kingine. Kasoro ya kawaida ni karatasi ya ridhaa iliyoandikwa Kiingereza pekee. Tafsiri Kiswahili, umsomee mzee mmoja wa mtaani uone kama anaelewa, kisha ndipo uiwasilishe. Majina na namba za simu za watu zinalindwa na sheria ya data ya 2019, hivyo eleza utazihifadhi wapi na utazifuta lini. Ukishapata leseni, jitambulishe kwa ofisi ya Kamishna wa Kaunti na ya elimu. Ndani ya hifadhi za bahari zungumza na shirika la wanyamapori, KWS, mikokoni na katika msitu wa Arabuko-Sokoke na huduma ya misitu, KFS, magofuni na Makumbusho ya Taifa, na ufukweni na BMU, yaani kamati ya wavuvi ya mahali hapo. Kwa BMU nenda mwenyewe. Barua iliyotangulia bila mtu wake haisomwi. Kama msimamizi wako mwenza yuko nje na anataka sampuli zisafirishwe, itafute mamlaka ya mazingira, NEMA, mapema, kwani kibali cha rasilimali za kijenetiki ni shughuli nyingine kabisa. Na kama chuo chake ndicho kinacholipa bima, muulize maonyo ya usafiri ya serikali yake yanasemaje kuhusu bara ya Lamu, kabla hujachagua Kiunga, iliyo karibu na mpaka wa Somalia.

Fedha ikishakubaliwa, uliza itapita wapi. Ikipita kwenye akaunti ya chuo, hutolewa kama masurufu, na inaweza kuchukua wiki nyingi. Peleka karatasi siku ile ile barua inapofika, na muombe msimamizi aifuatilie yeye, maana sauti yake inasikika ofisi ya fedha kuliko yako. Usiingie deni la boti kwa kutegemea fedha ambayo haijaingia. Nahodha hana risiti: andaa hati ya malipo yenye tarehe, safari, kiasi, namba ya kitambulisho na saini, umlipe kwa M-Pesa, na upige picha ya ujumbe siku hiyo hiyo. Masurufu yasiyorudishiwa hesabu humfunga msimamizi asipewe mengine, na hapo mwanafunzi wa mwaka unaofuata ndiye anayekosa.

Wafadhili wengi huzuia sehemu ya mwisho ya fedha mpaka wapate ripoti. Anza kuiandika bamvua ya tatu, sio baada ya ya nne. Tengeneza mbili: ya mfadhili, na nyingine ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, ambayo utaisoma bandani siku ya Ijumaa baada ya swala, wakati wengi hawakwenda baharini. Chukua daftari siku hiyo. Wavuvi wataisahihisha ramani yako, watakutajia mlango uliouruka na jina uliloliandika vibaya, na masahihisho hayo yataingia kwenye ripoti kabla hujaituma.